Kaburi la mawe limetokea shambani: tulifukue lote, tutoboe kidogo au tulifukie?

Mvua za kwanza za Desemba zikishalainisha ardhi, plau huzama chini kuliko mwaka uliopita, na hapo ndipo simu huanza. Safari hii ilipigwa kutoka kijiji kimoja cha Kondoa. Ng'ombe walikwama, mwenye shamba akachokoa kwa sululu, akakuta jiwe bapa limesimamishwa kwa ubavu. Pembeni yake kulikuwa na jingine, kisha jingine, mpaka likaonekana umbo la sanduku lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Juu lilifunikwa kwa bamba moja kubwa lililopasuka katikati. Mwenyekiti wa kitongoji hakuwa na maneno mengi: "Mtaalamu, tuchimbe au tusichimbe?"

Nimeulizwa hivyo na wakulima, na mafundi wanaochimba misingi kwenye viwanja vipya vya Dodoma mjini, na wanafunzi wa akiolojia wanaotaka mada ya utafiti itakayomfurahisha msimamizi. Kila mmoja hutarajia jibu la ndiyo au hapana, kumbe njia ziko nne au tano na kila moja ina bei yake. Mimi upande wangu nauweka wazi mapema ili usije ukadhani napima kwa mizani isiyo na mkono: kaburi lisilo hatarini liachwe, lililo hatarini lifukuliwe lote, na lile lililofukuliwa nusu ndilo hasara kubwa kuliko yote.

Kabla ya yote, je, ni kaburi kweli?

Mawe ya Kanda ya Kati ni waongo. Granaiti yetu hupata joto la mchana na baridi ya usiku mpaka ikaambuka yenyewe, tabaka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu. Mabamba matatu yaliyolala pamoja hayathibitishi kitu. Kuna misingi ya tembe za zamani, mawe yaliyowekwa chini ya ghala ili mchwa wasipande, marundo ya mawe ambayo wakulima waliyaondoa shambani, na makinga maji yaliyojengwa tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ile HADO ya mwaka 1973. Nimewahi kukaa nusu siku nikipiga picha ya "kaburi" ambalo bibi mmoja alikuja kuniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba ni jiko la mumewe la kuchomea pombe ya kienyeji.

Sanduku la kaburi unalijua kwa mawe kusimamishwa kwa ubavu huku yakitazamana, kufungwa kichwani na miguuni, na udongo wa ndani kuwa tofauti na wa nje: mara nyingi mlaini zaidi, wenye rangi iliyochanganyika, kwa sababu ulishachimbwa ukarudishwa. Uelekeo nao husaidia, lakini usiuamini peke yake. Kondoa ina Waislamu wengi wa tangu zamani, na kwa kuwa Makka iko takriban kaskazini moja kwa moja kutoka huku, kaburi la Muislamu hulala mashariki-magharibi, maiti akiwa ubavuni na uso kaskazini, bila chombo chochote. Makaburi mengi ya Kikristo nayo hulala mashariki-magharibi. Mzee yeyote akikutajia jina la aliyelala pale, mjadala wa akiolojia umekwisha. Hilo ni kaburi la familia, na wenyewe ndio wenye kauli.

Jambo jingine la kumaliza mapema ni mali ya Mjerumani. Habari ya jiwe lililopangwa ikishafika sokoni, kuna mtu atakuja usiku na jembe akitafuta rupia au dhahabu ambayo Wajerumani eti waliizika wakikimbia vita. Hata maeneo ya michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, hayakusalimika na watu wa namna hiyo. Makaburi ya mawe ya Afrika Mashariki yanayofahamika vizuri hayana dhahabu. Yana mabakuli ya mawe, michi, mawe ya kusagia, vyungu, shanga za ganda la yai la mbuni na shanga za mawe ya rangi. Kwa mwizi hiyo ni takataka, naye huivunja kwa hasira.

Kufukua lote

Hii ndiyo njia inayotoa majibu mengi, na ndiyo inayokula zaidi. Unaweka gridi ya kamba, unachora na kupiga picha kila hatua, unaondoa bamba la juu, kisha unashuka sentimita chache kwa mwiko wa fundi, brashi na vijiti vya mianzi, maana chuma hukwaruza mfupa. Udongo wote unapita kwenye chekecheo. Nasisitiza tundu dogo, milimita mbili hivi, kwa sababu shanga ya yai la mbuni hupenya bila aibu kwenye chekecheo la mchanga wa ujenzi.

Faida yake kubwa imo katika mahali kitu kilipokaa. Bakuli la jiwe lililookotwa na kuletwa ofisini ndani ya mfuko wa rambo ni bakuli tu. Likiwa bado kando ya kichwa cha marehemu, na mchi wake ndani, linaanza kusema. Mfano mzuri ni Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Kwenye makaburi ya wafugaji wa kale wa pale, wanawake walizikwa na vyombo vya mawe, wanaume wakazikwa bila. Jambo hilo lisingejulikana kama kila kaburi lisingefukuliwa kwa ukamilifu na kila mfupa kuhusishwa na chombo chake. Angalia pia kwamba lilihitaji makaburi kadhaa. Kaburi moja lenye bakuli halikuambii desturi ya watu, linakuambia habari ya mtu mmoja.

Hasara yake? Huwezi kurudia. Mwaka huohuo wa 1938 Leakey na mumewe Louis walichimba pango la Mto Njoro, huko huko Bonde la Ufa, wakakuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa moto kabla ya kuzikwa, pamoja na mabakuli ya mawe, michi na mamia ya shanga za mawe. Moto uliokausha na kuunguza ndio uliohifadhi hata kibuyu na chombo cha mti kilichochongwa, vitu ambavyo kwa kawaida mchwa huvimaliza. Ilikuwa kazi nzuri kwa wakati wake. Lakini njia ya kupima umri kwa kaboni 14 ilitangazwa mwaka 1949, miaka 11 baadaye. Vinasaba vya mifupa ya kale havikuwa hata ndoto. Kila aliyechimba wakati ule alifungua barua ambayo hakuweza kuisoma yote, na nasi tunaochimba leo tuko vivyo hivyo mbele ya wajukuu zetu.

Kinachoweza kuokoa ufukuaji wa zamani ni ghala. Kisese II, pango la hapa hapa Kondoa, lilichimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956. Zaidi ya miaka 50 baadaye watafiti walirudi, si pangoni kwanza, bali kwenye masanduku na daftari vilivyohifadhiwa makumbusho, wakapima upya shanga za yai la mbuni na kukuta nyingine zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Linganisha na kazi moja niliyoshiriki nikiwa kijana, ambayo wenyewe siwataji. Tulifukua vizuri, tukaandika lebo za karatasi, tukaweka mifuko kwenye stoo yenye sakafu ya udongo. Msimu mmoja wa masika ulitosha: mchwa walikula lebo, wakaacha mifupa. Masanduku manne ya mifupa isiyojulikana ilitoka shimo gani. Hapo kaburi lilikuwa limeharibiwa kwa utaratibu wa kitaalamu.

Kwa hiyo anayetaka kufukua lote na aulizwe kwanza kuhusu stoo, pesa za maabara, na mtu wa mifupa. Akianza kujibu kwa kuonyesha picha za droni, mshukuru na umsindikize hadi barabarani.

Kutoboa kidogo

Hii ndiyo inayopendwa na wasio na pesa, na ndiyo ninayoipinga zaidi. Hoja yake husikika kwa busara: tuchimbe shimo la majaribio la mita moja kwa moja, tuone kuna nini, kisha tuamue. Kwenye makazi ya kale hoja hiyo ni sahihi kabisa. Shimo la majaribio kwenye jalala la kijiji cha zamani hukupa tabaka, vigae, mifupa ya ng'ombe na makaa, bila kuharibu asilimia kubwa ya eneo.

Kaburi halifanani na jalala. Sanduku la mawe ni chumba kimoja chenye tukio moja. Ukilitoboa katikati umemkata marehemu kiunoni. Mawe ya ubavu yaliyokuwa yakishikiliwa na udongo wa ndani yanaanza kuegemea. Maji ya mvua yanapata njia, mizizi inafuata, mchwa nao hawahitaji kualikwa. Na juu ya yote, kijiji kizima kimeshaona shimo, na wa rupia wameshasikia.

Kuna namna moja ya kutoboa ninayoikubali, nayo ni nje ya sanduku. Shimo jembamba pembeni, lisiloligusa jiwe, linaweza kukuonyesha waliochimba kaburi walianzia tabaka gani, na pengine kukupa kipande cha mkaa. Vipimo vya siku hizi vinatosheka na kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Lakini tahadhari: mkaa wa nje unapima umri wa mkaa. Unaweza kuwa wa moto wa shamba uliowaka miaka 500 kabla ya mazishi.

Kuinua sanduku zima

Wanafunzi huniuliza hili kwa sababu wameona picha za Ulaya. Kisa chenyewe kinavutia. Huko Dartmoor, Uingereza, kwenye kilima cha Whitehorse, jiwe la mwisho la sanduku dogo la kaburi lilidondoka kutoka kwenye tope jeusi la mboji lililokuwa likimomonyoka. Mwaka 2011 wataalamu walilifukua, wakachukua vilivyomo pamoja na udongo wake hadi maabara. Ndani kulikuwa na mifupa iliyochomwa ikiwa imefungwa kwenye ngozi ya dubu, kikapu, bangili ya nywele za ng'ombe yenye vifungo vya bati, na zaidi ya shanga 200. Umri wake ni karibu miaka 3,700.

Lakini tope lile lililowa maji karne zote ndilo lililoweka ngozi na kikapu. Dodoma tunapata mvua ya milimita 600 au pungufu kwa mwaka, yote ndani ya miezi michache, kisha ardhi inakauka mpaka inapasuka. Hapa ngozi, nguo na vikapu havikungojei. Na udongo wetu mwekundu wa kichanga ukiuinua bila kuufunga unamwagika kama unga. Kwa hiyo usiote kuinua kaburi. Kinachowezekana, na ningeshauri sana, ni kuinua chungu kizima na udongo wake, kimezungushiwa bandeji za hospitali, ili kilichomo kichunguzwe ndani ya chumba, si juani upepo ukipuliza.

Kupima bila kuchimba

Vifaa vipo: rada ya ardhini, vipima sumaku, vipima ukinzani wa umeme. Kwa makaburi ya mawe huku kwetu ningetoa pesa yangu kwa uangalifu. Mawe yenye chuma humchanganya mpima sumaku, udongo wa mfinyanzi wa mbugani humeza mawimbi ya rada, na ardhi ya Septemba ni kavu mno kupitisha umeme vizuri. Ukiwa na makaburi mengi yaliyotawanyika, droni, GPS na miguu yako asubuhi mapema, wakati kivuli cha kila jiwe ni kirefu, vitakupa ramani nzuri kwa bei ya nauli.

Kufukia na kuandika

Wengi huona hii ni kushindwa. Mimi naona ndiyo chaguo la kawaida, hayo mengine yakihitaji sababu. Kilichokwisha kuonekana kinachorwa, kinapigwa picha pamoja na rula au hata kalamu ili ukubwa ujulikane, alama za GPS zinaandikwa, kisha sanduku linafunikwa. Usimwage kifusi moja kwa moja. Weka kwanza mchanga safi uliochekechwa, ambao rangi yake haifanani na udongo wa pale, ili mchimbaji ajaye ajue wapi mkono wako uliishia. Kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji ni kizuri. Nailoni si nzuri, inakusanya unyevu. Bamba lililopasuka liache mahali pake, usilibandike saruji. Ndiyo, nimeona saruji.

Ubaya wake ni kwamba kaburi lililofukiwa halilindwi na mchanga. Linalindwa na watu. Mwenye shamba akiendelea kulima pale kwa plau, umeficha uharibifu tu.

Sasa uchague vipi

Kama ni shamba na mkulima yuko tayari kuacha mita chache za ardhi, fukia na uandike. Kupanda nyasi juu yake kunatosha.

Kama liko kando ya korongo linalomeguka kila masika, na Kondoa tunayajua makorongo, basi kusubiri ni kuliua. Fukua lote, kabla ya Novemba. Waskoti wana kisa kinachonifaa hapa. Mwaka 1987, huko Achavanich, kazi ya barabara ilikutana na sanduku la mawe lenye mifupa ya mwanamke wa miaka kati ya 18 na 25, chungu, vipande vya gumegume na mfupa wa bega la ng'ombe. Halikuwa na nafasi ya kuachwa, likafukuliwa na vitu vikawekwa. Vilikaa karibu miaka 30 bila kelele, hadi mtafiti mmoja alipovirudia. Mwaka 2018 vinasaba vilionyesha nywele nyeusi na macho ya rangi ya kahawia, tofauti na picha waliyokuwa wamemchora awali. Chungu kimoja na mifupa kadhaa, lakini vilitoka pamoja na vikakaa pamoja.

Kama ni kiwanja cha kujenga, swali la kwanza ni je, nyumba inaweza kusogea? Mara nyingi inaweza, mchoraji ramani hakuulizwa tu. Ikishindikana ndipo ufukuaji kamili.

Kama wewe ni mwanafunzi unayetafuta mada, ramani ya makaburi ya kata nzima ina thamani kuliko kaburi moja lililofunguliwa. Najua msimamizi wako anataka mifupa.

Na vyovyote utakavyochagua, kushika mwiko bila kibali ni kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na inataka ugunduzi utolewe taarifa. Anza na mtendaji wa kijiji na ofisa utamaduni wa wilaya, wao watafikisha Idara ya Mambo ya Kale. Mtafiti anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Yakiwa makaburi ya watu wanaojulikana na ardhi inatakiwa kwa kazi ya umma, inatumika Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, ambayo hata gharama za ibada na matambiko ya kuhamisha inazihesabu kwenye fidia. Walioiandika walikuwa na wazee karibu.

Vinasaba nimeviacha mwisho kwa makusudi. Huko Luxmanda, nyanda za Mbulu, makazi ya wafugaji wa miaka 3,000 hivi iliyopita, mfupa wa mtoto mmoja ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Ni habari kubwa kwa historia ya ufugaji wetu. Lakini sampuli nzuri hutoka kwenye mfupa mgumu wa sikio la ndani, na kuupata ni kuutoboa. Kama kijiji hakijaambiwa hilo kwa Kiswahili cha kueleweka kabla ya kukubali, hakijakubali.

Turudi Kondoa. Nilimwamkia babu wa mwenye shamba, shikamoo, akaitikia, akanisikiliza nikieleza njia zote. Akauliza: "Na mkimtoa, mjukuu wangu, mtamrudisha lini?" Nilisema wengine hawarudi, hukaa makumbusho. Akatazama mahindi yake machanga, akasema shamba ni kubwa, jirani huyu halimi wala hali, akae.

Tukafukia. Chini kabisa, juu ya mchanga safi, niliweka sarafu ya shilingi 500 ya mwaka 2014, kama tufanyavyo ili mchimbaji wa baadaye ajue ni lini shimo lilifungwa. Babu aliiona. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi sasa," akasema, "mali ya Mjerumani kweli ipo."

Nikainama, nikaitoa, nikaweka kifuniko cha soda.